Sura ya Nne: Nakala Iliyokwama Harusini

Jambo la kwanza Afande alilolifanya alipofika studio ni kukataa chai.

"Ahsante, sinywi," alisema, na mkono wa mwanamke wa mapokezi ukabaki hewani na kikombe kikifuka moshi. "Usione vibaya. Sinywi kitu eneo la tukio mpaka nijue nani kafanya nini."

"Lakini nimeipika mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Afande hakuwa askari tena. Zamani alikuwa mpelelezi wa polisi, kisha akachoka kufukuzana na wezi wa kuku, akasomea kompyuta, na sasa alikuwa fundi wa mitandao anayeitwa kila ofisi ikikwama. Upelelezi aliuacha kazini, lakini upelelezi haukumwacha yeye. Alitembea na begi la vifaa, kurunzi, na utepe wa mistari myekundu na myeupe wa kuzungushia eneo la tukio, ambao hakuna aliyejua aliupata wapi, na watu wenye akili hawakumuuliza. Aliufunga utepe huo kwenye mlango wa chumba cha mitambo kabla hata hajasalimia watu wote. Mhariri wa filamu, jamaa mnene aliyeitwa Mkasi kwa sababu kazi yake ni kukata, alikuwa ndani anatafuta betri ya kamera, akajikuta amefungiwa humo.

"Afande, na mimi je?"

"Kaa humo humo. Zamu yako inakuja."

Mwenye studio alikuwa akimsubiri ofisini kwake. Walimwita Mama Studio, mama wa makamo mwenye mwili wake, na sauti iliyolingana na mwili huo. Alifunga mlango na kabla ya kukaa alisukuma skrini yake kubwa ikatazama ukutani, kama mpishi afunikaye chungu mgeni asichungulie. Afande aliliona hilo.

"Sisi tunapiga harusi," Mama Studio alianza. "Kila harusi tuliyowahi kupiga imo ndani ya Kasha."

Kasha ndilo jina walilolipa lile sanduku la diski lililokaa chumba cha mitambo. Kompyuta zote za studio ziliunganishwa nalo kwa waya, na filamu zote zilihifadhiwa humo. Kila siku mchana, watu wakienda kula, Kasha hujinakili lenyewe lote upya, juu ya nakala ya jana yake, kwenye kasha jingine dogo lililofungiwa stoo, ili hili likifa lile libaki.

"Tangu juma lililopita," Mama Studio aliendelea, "nakala inaanza vizuri, inakwenda, inafika mahali inasimama. Inasimama kabisa! Ukirudi jioni iko pale pale. Na jana Kasha limeanza kulia. Pii, pii, pii. Diski moja inaumwa."

"Diski mpya unayo?"

"Ninayo. Muuzaji kanionya nisiitie mpaka nakala ikamilike. Kasema ukitia diski mpya, zile nyingine zinafanya kazi ngumu kuijaza, na moja ikianguka katikati ya kazi hiyo, tumekwisha. Watu wataoana upya, Afande? Nitawaambia nini?"

"Unamshuku mtu?"

Mama Studio hakutaja jina. Alielekeza kwa midomo upande wa mapokezi.

"Yule mwenye chai?"

"Wifi yangu. Dada wa mume wangu. Kaka yake kaniletea hapa nimpe kazi, mimi nikameza. Kikulacho ki nguoni mwako, Afande."

"Kuna sababu?"

"Harusi ya binti yangu, miaka mingi sasa imepita." Sauti ya Mama Studio ilishuka, na ikishuka yake inakuwa kama ya mtu wa kawaida. "Nilivaa bangili ya dhahabu aliyoniachia marehemu mama yangu. Sherehe imekwisha, nautazama mkono, mtupu. Basi filamu ya siku ile imo ndani ya Kasha. Na ndani ya filamu, kwa macho yangu haya mawili, wifi yangu anaonekana anatia kitu kinachong'aa mkobani. Huo ndio ushahidi wangu. Sasa niambie, nakala ikikwama na Kasha likafa, nani anacheka?"

Afande alikubali kimoyomoyo kwamba kesi zenye sababu nzuri namna ile alikuwa hajazipata hata polisi.

"Umewahi kumuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize ili ajitayarishe? Sijamwambia kitu. Namnunia tu." Akanyoosha kidole. "Leo tukifunga studio, kama hujaniletea mtu mwingine, yeye anaondoka. Si kazini tu. Nyumbani kwangu asikanyage, na kaka yake achague, mimi au yeye."

Afande alitoka ofisini akijua kwamba hakuitwa kutengeneza sanduku. Aliitwa kuhukumu ndugu, na hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa bila yeye.

Chumba cha mitambo kilikuwa na joto la oveni. Kasha lilikaa juu ya rafu ya chuma, taa zake za kijani zikipepesa, ila moja ya rangi ya chungwa iliyokodoa jicho. Kila baada ya muda lililia. Mkasi alikuwa amekaa sakafuni, amevua viatu.

"Jina la folda hii ni nani kaliweka?" Afande aliuliza, akiwa ameunganisha kompyuta yake na kuanza kukagua yaliyomo.

"Folda gani?"

"Hii iliyoandikwa 'Mazishi'. Studio ya harusi ina mazishi mangapi? Mbona imekula karibu robo ya Kasha?"

Mkasi alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Afande, wewe ni mtu mzima. Nikikwambia hutanisema?"

"Sema kwanza."

"Ni mpira. Mechi. Niliandika mazishi ili mtu asifungue. Nani anafungua mazishi?"

Afande alihisi ile furaha ya zamani ikimpanda shingoni. Kasha limejaa, nakala inakosa nafasi upande wa pili, inasimama. Mhalifu kapatikana, kakiri, na hata viatu kavua. Kesi imeisha kabla ya jua kupoa.

"Futa."

"Zote?"

"Zote."

"Afande, hata fainali?"

"Hata fainali."

Mkasi alifuta. Alifuta moja moja, na kila moja aliiaga. Alipomaliza, Afande aliianzisha nakala upya kwa mkono wake, akasimama amefunga mikono kifuani kama mtu anayengoja kupongezwa. Nakala ilianza, ikakimbia vizuri, ikapunguza mwendo. Ikasimama.

"Mechi zangu," alisema Mkasi kwa sauti ndogo.

"Pole," alisema Afande, na kweli alimwonea huruma, lakini upelelezi ni kazi, si kitulizo.

Sasa alifanya kile ambacho angefanya mwanzo kama asingekuwa na haraka ya mshukiwa. Alifungua kumbukumbu za Kasha, mahali ambapo sanduku lenyewe huandika kila linalolipata. Maneno yalikuwa yale yale, siku baada ya siku. Nakala inafika kwenye faili moja, faili lisilo na jina ila tarakimu ndefu za kamera, na hapo Kasha linaandika: linasubiri, faili limeshikwa. Akatafuta aliyelishika. Kasha halifichi kitu, liliandika jina la kompyuta kwa herufi kubwa.

MAPOKEZI.

"Loo," alisema Mkasi aliyekuwa akichungulia begani. "Wifi!"

Pale studio kila mtu alimwita Wifi, hata wasiokuwa na undugu naye wowote, hata mleta maji. Afande alimkuta kwenye meza yake, mwanamke mwenye miwani, mbele ya kompyuta ndogo iliyochoka. Alivuta kiti lakini hakukaa. Anayehoji hakai.

"Kompyuta hii unaitumia wewe?"

"Mimi."

"Mtu mwingine?"

"Hakuna. Ila hii kompyuta, nataka nikwambie kwamba..."

"Jibu unaloulizwa tu, tafadhali. Mchana watu wakienda kula, wewe unakuwa wapi?"

"Hapa hapa. Simu itapokewa na nani?"

"Unafungua filamu?"

"Filamu? Hii?" Wifi aliigonga kompyuta kwa kidole. "Hii hata barua inaifungua kwa kuomba. Ndiyo nataka nikwambie, hii si..."

"Jibu unaloulizwa. Kwa nini hamuelewani na Mama Studio?"

Wifi alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Kwani amesema hatuelewani?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Basi mimi sijui. Tangu harusi ya binti yake amenibadilikia. Salamu yangu anaijibu akiwa anatazama feni. Nilifikiri labda nilikaa meza isiyo yangu. Nimewaza kila kitu, nimekosa." Akarudisha miwani. "Kama ananitaka niondoke, aniambie tu. Lakini nikitoka hapa na jina baya, na nyumbani kwa kaka yangu sitaingia. Nitabaki na nani?"

Afande aliwahi kuhoji waongo wengi, na waongo wote wana kitu kimoja: jibu lao huja limepigwa pasi. La huyu lilikuja na mikunjo yake. Hata hivyo jina la kompyuta lilikuwa pale kwenye kumbukumbu, na jina ni jina. Aliinama chini ya meza akaichomoa waya ya mtandao ya ile kompyuta.

"Usiguse kitu," alisema, akakimbia na ile waya chumba cha mitambo, akapita chini ya utepe wake mwenyewe.

MAPOKEZI bado ilikuwa imeshika faili.

Alitazama mara ya pili. Aliishika ile waya mkononi, akaitazama waya, akaitazama skrini. Kompyuta iliyokatwa waya haishiki faili, kama vile mtu aliyelala kwake hawezi kukabwa sokoni. Kwa hiyo kompyuta aliyoichomoa siyo iliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Kulikuwa na MAPOKEZI nyingine mahali fulani ndani ya jengo lile, na kuna mtu alikuwa anajaribu kumwambia jambo hilo mara mbili, naye mara mbili akamkata kauli.

Alirudi mapokezi taratibu. Mara hii alikaa.

"Wifi," alisema, "ulitaka kuniambia nini?"

"Sasa naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa."

"Nilitaka kusema hii siyo kompyuta ya mapokezi. Hii ilikuwa ya wifi yangu. Ya mapokezi ilikuwa na skrini kubwa, akaipenda, tukabadilishana. Juma lililopita."

Juma lililopita. Afande aliinuka. Jina la kompyuta haliendi na meza, linaendelea kukaa ndani ya kompyuta popote itakapohamia, na yeye, fundi mzima, alisahau hilo kwa sababu jina lilikubaliana na alichoambiwa. Alifungua mlango wa ofisi ya Mama Studio bila kubisha.

"Naomba nione skrini."

"Ya nini?"

"Mama, mimi nimekagua kila kitu humu. Kimebaki hicho tu kinachotazama ukuta."

Mama Studio aliguna, akaigeuza. Pale skrini nzima palikuwa na ukumbi uliopambwa, meza, maua, na katikati Wifi, kijana zaidi kidogo, amekamata kitu king'aacho juu ya mkoba uliofunguliwa. Picha ilikuwa imesimamishwa. Pembeni, zile tarakimu ndefu za kamera.

"Umeifungua lini?"

"Siku nilipohamishia skrini hii hapa. Kwenye ile ndogo mkoba hauonekani vizuri."

"Na uliifunga lini?"

"Nifunge nini? Ile filamu ni ndefu, nikiifunga napoteza mahali, kupatafuta tena ni kazi ya jioni nzima. Mimi naiacha hapo hapo. Asubuhi nikiingia inanitazama, naitazama."

Wifi na Mkasi walikuwa wamefika mlangoni. Hakuna aliyewaita, lakini katika studio ile kuta zilikuwa za mbao nyembamba na sauti ya Mama Studio ilikuwa haijui kuta.

"Mama," Afande alisema, "Kasha lako lina adabu sana. Likikuta faili limeshikwa na mtu, halimnyang'anyi. Linasimama, linangoja amalize. Juma zima limekungoja wewe. Kila harusi iliyopangwa nyuma ya hii imekwama foleni, na hiyo unayoita ushahidi ndiyo ya kwanza kukosa nakala ya leo. Aliyesimamisha nakala ameketi kwenye kiti hicho."

Watu walitazama kiti. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia.

"Sawa," Mama Studio alisema mwishowe. "Nakala nimeisimamisha mimi, nakubali. Lakini mwizi anabaki mwizi. Na kwa kuwa yuko hapo mlangoni, aone mwenyewe! Wifi, tazama. Hicho nini mkononi mwako?"

Wifi alisogea, akainama mbele ya skrini. "Mbona nilikuwa mwembamba hivi?"

"Nimekuuliza mkono!"

"Funga filamu, Mama," alisema Afande. "Kasha linalia."

Mama Studio alipeleka mkono kwenye vitufe kwa hasira, na hasira haina shabaha. Kidole kikaangukia kitufe kirefu. Badala ya kufungika, filamu ikaanza kwenda, na muziki wa bendi ukajaa ofisini.

Wifi wa kwenye skrini alikitumbukiza kile kitu mkobani, akabana bizimu kubwa ya shaba. Kisha akautia mkoba ule begani. Begani kwake kulikuwa tayari na mkoba mwingine, mdogo, mweusi. Akapenya katikati ya wachezaji, akipigwa viwiko, mpaka kwa mama mmoja mwenye mwili wake aliyekuwa anacheza kama sakafu ni yake peke yake, mikono juu, vifundo vitupu. Akamtundikia mkoba wenye bizimu mkononi. Yule mama aliupokea bila kutazama, akaendelea kucheza nao.

Muziki ulipiga mpaka Mkasi alipousimamisha.

"Turudishe nyuma tuone tena," alisema, kwa mazoea ya kazi.

Wakatazama tena. Hapakuwa na la kubisha.

"Mkoba ule wenye bizimu ni wa nani?" Afande aliuliza.

Sauti ya Mama Studio ilitoka ndogo. "Wangu."

"Si ulinipa mwenyewe?" Wifi alisema. "Ulivua bangili, ukasema inakubana ukiinua mikono, nishikie na mkoba. Nikaitia humo, nikakurudishia." Alimtazama wifi yake, na taratibu mambo mengi ya miaka mingi yakajipanga usoni pake. "Kumbe ni hiyo? Ndiyo uliyoninunia muda wote huu? Mbona hukuniuliza, jamani?"

Hilo ndilo swali pekee la maana lililoulizwa siku ile, na halikuulizwa na mpelelezi.

"Mkoba uko wapi sasa, Mama?"

"Nyumbani. Juu ya kabati la nguo. Niliufunga kwenye mfuko nikaapa sitaushika tena, mkoba wa nuksi."

Alimpigia mumewe simu, akaiweka mezani ili wote wasikie, maana kuficha kulikuwa kumepitwa na wakati. Walimsikia mzee akiburuta kiti, akipanda, akipiga chafya za vumbi.

"Kuna leso," sauti ilisema. "Kuna peremende zimegandana. Kuna kadi ya harusi. Kuna... ebo! Mama watoto, hii si ile bangili ya mama yako? Uliyosema dada yangu..."

"Shuka kwenye kiti usije ukaanguka," alisema Mama Studio, akakata simu.

Aliona aibu. Aliona aibu mwili mzima, na kwa mwili wake ilikuwa nyingi. Akaunyoosha mkono mwenyewe, akaifunga filamu kwa uangalifu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mkasi alitoka mbio kwenda chumba cha mitambo, na baada ya kitambo kidogo wakamsikia akipiga kelele kuwa nakala inakwenda, inakwenda, imeipita ile, inaingia harusi nyingine.

Ilimalizika kabla ya studio kufungwa. Afande aliitoa diski mgonjwa, akatia mpya, akasubiri mpaka kilio kikanyamaza na jicho la chungwa likafumba, ndipo akaukunja utepe wake. Alipopita mapokezi kile kikombe kilikuwa bado pale mezani. Chai ilikuwa imepoa kabisa. Aliinywa yote, amesimama, kisha akamwomba Wifi msamaha kwa kumkata kauli.

"Yamekwisha, Afande. Ila siku nyingine uache mtu amalize."

Ndipo Mama Studio akatoka ofisini, na mkoba wake wa kila siku kwapani na funguo mkononi. Alisimama mbele ya meza ya mapokezi. Alianza neno, likakwama. Akaanza jingine.

"Wifi, nimekukosea," alisema. "Nimekukosea vibaya, na sijui nitaanzia wapi." Akautoa ule mkoba kwapani, akaunyoosha kwa mikono miwili juu ya meza. "Nishikie nikafunge milango ya nyuma. Halafu twende wote nyumbani, kaka yako anatungoja."

Wifi aliutazama mkoba. Hakuugusa. Akamtazama Afande, akamtazama tena wifi yake, kisha akageuza uso upande wa chumba cha uhariri.

"Mkasi!" aliita. "Leta kamera kwanza."

Mabega ya Mama Studio yakaanza kutikisika, kicheko kikampanda toka chini huko, na machozi pamoja nacho.

"Ilete," alisema, mikono bado ameinyoosha. "Na upige mpaka mwisho."